Mmiliki Yuko Safarini

Usiku wa kuamkia leo niliota mnara wa simu umekuja nyumbani kwetu kwa miguu.

Naandika sasa hivi kabla uji haujaiva. Ndoto haikai, na mwaka huu nimeshapoteza vya kutosha.

Kwanza niseme yaliyo kweli. Kaka yangu Asajile alikuwa fundi wa mkongo, ule waya wa kioo unaofukiwa kando ya barabara ili intaneti ipite. Siku za mapumziko alitengeneza tovuti ndogo, akaiita Waliotangulia. Ndani yake hamna picha wala matangazo. Mna majina ya watu waliozikwa katika kata yetu, kila mtu na mstari wake: jina, mwaka, na jambo moja alilojulikana nalo. Alianza kwa sababu misalaba yetu ni ya mbao, na huku Tukuyu mvua haipumziki. Msalaba unaoza kabla machozi hayajakauka. Jina la mwisho aliloandika ni la mia tatu na kumi na mbili: Bibi Tusekile, alikuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia.

Asajile alikufa mwezi wa pili kwa homa ya mapafu. Jina la mia tatu na kumi na tatu, lake, mpaka jana nilikuwa sijaliandika. Neno la siri la tovuti ninalo, alinipa mwenyewe. Mkono ndio uliokataa.

Kisha ikaja barua kutoka kwa wanaotunza majina ya tovuti. Mmiliki athibitishe kwamba bado analitaka jina lake, la sivyo litafutwa mwisho wa mwezi na kurasa zake zote. Nilikwenda ofisi ya Serikali, wakaniambia niende kwenye kampuni. Nilikwenda kwenye kampuni, wakaniambia niende ofisi ya Serikali. Kote kuwili walinipa kiti na kote walikuwa wapole. Fomu ilikuwa na swali: mmiliki yuko wapi? Nikaandika: yuko safarini. Nilijua nasema uongo. Kalamu ilifika pale ikashindwa kwenda kwingine.

Majina yote, la baba yetu likiwemo, yamebakiza siku nane.

Sasa ndoto yenyewe.

Ni mchana, manyunyu yanaanguka. Mnara amesimama uani, ameinama mpaka taa yake nyekundu ya kichwani inagusa ukingo wa bati.

"Hodi," anasema.

"Karibu. Utapita?"

"Sitapita, nimezidi mlango. Wewe ndiye Subilaga, dada wa msafiri?"

"Ndiye."

Mama anatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Mnara anamwamkia shikamoo, Mama anaitikia, kisha anamwangalia miguu.

"Wewe si yule uliyesimama shambani kwa Mwakyoma?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na leo watu wakipiga simu itakuwaje?"

"Watadhani ni mvua."

Mama anaridhika na jibu hilo. Anarudi jikoni. Mimi navaa viatu vya msibani, maana ndivyo vilivyo karibu na mlango, na tunaondoka.

Njiani namuuliza yeye ni wa nani, wa Serikali au wa kampuni.

"Wa kampuni," anasema. "Shamba nililosimama ni la Mwakyoma. Mawimbi ninayotumia ni ya Serikali, nimeyapata kwa kibali. Na ndege wanaolala kichwani kwangu si wa mtu yeyote."

"Basi wewe mwenyewe ni nini?"

Anafikiri hatua tatu, na hatua zake ni ndefu.

"Chuma," anasema.

Tunakata kona ya kanisa. Nyuma ya kanisa hakuna makaburi. Kuna ukumbi mrefu wa saruji, madirisha yake yote yako wazi, na nje ya madirisha naona bahari ambayo Tukuyu haina. Sishangai. Naona tu kwamba imesogea.

Sakafuni wamechora maduara kwa chaki. Moja limeandikwa SERIKALI, na ndani yake amesimama Kabati la mafaili, kijivu, refu, lenye droo saba. Jingine limeandikwa SEKTA BINAFSI; Mnara anaingia humo, anakunja magoti. La tatu limeandikwa WATAALAMU. Ni tupu. Wamekwenda kurekebisha kitu mahali fulani, naambiwa, na hakuna anayejua kitu gani, ila wote wanakubali kwamba wasingekwenda tungekuwa gizani. La mwisho ni dogo, lina kigoda. Limeandikwa MTUMIAJI.

"Kaa hapo," Kabati ananiambia. "Usivuke mstari. Kila mmoja kwa nafasi yake. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Nikivuka?"

"Hatujui. Hajavuka mtu."

Mbele kuna kiti kikubwa, na juu yake koti la suti, limekaa wima, vifungo vimefungwa, na ndani yake hamna mtu. Namuuliza Mnara mwenye koti amekwenda wapi.

"Hajawahi kuwepo," ananong'ona. "Mtandao hauna mwenyewe. Lakini mkutano hauwezi kukosa mwenyekiti."

Koti anakohoa kwa kupitia ukosi. "Tuanze," anasema. "Leteni jina."

Linaletwa jina la tovuti ya kaka yangu. Limo ndani ya toroli, herufi kwa herufi, na zina matope kana kwamba zimetembea usiku kucha. Nyuma yake linaning'inia lile fungu dogo la herufi za nchi yetu, nukta tz, kama mkia. Herufi ya kwanza inanitazama. Nataka kuifuta matope lakini toroli iko nje ya duara langu.

Hapo Kabati anaushika mkia.

"Huu ni wangu," anasema. "Kila jina lenye mkia wa nchi ninaliangalia mimi."

Mnara anashika upande wa pili. "Mkia, sawa. Lakini nani amelibeba miaka yote? Nani amesimama juani? Majina yanasafiri mgongoni kwangu."

"Mimi ndiye niliyeuzaa mtandao," Kabati anasema. "Ulikuwa mtoto wa maabara, wa watafiti wachache, haujui hata kutembea. Serikali ndiyo iliyoutunza."

"Ukauzaa ukaniachia mimi kulea."

"Nilikukabidhi kwa maandishi! Ulikuja mwenyewe ukasema unaweza."

"Na nikaweza. Leo mtoto amekua, amepata jina mjini, ndipo wewe unakuja na mihuri unaita mwanangu, mwanangu."

"Nani aliyeweka sheria ili matapeli wasimle?"

"Na nani aliyempeleka Busokelo, kule gari lako lilikokwama?"

Wanavutana. Jina linalia kidogo, sauti kama ya bawaba. Natambua ugomvi huu. Ni ule wa baba wadogo na wajomba kwenye kikao cha msiba, kila mmoja anaeleza alichomfanyia marehemu, na marehemu amelala chumba cha pili hajazikwa.

"Baba zangu," nasema kutoka kigodani. "Mtalichana."

Wote wawili wanaliachia. Kabati anajifuta vumbi.

"Mtumiaji amesema vema," Koti anasema. "Iandikwe kwamba Mtumiaji amesema." Hakuna anayeandika.

Kisha Kabati anafungua droo ya nne, anatoa fomu yangu. Naufahamu mwandiko wangu hata kwa mbali. Anasoma kwa sauti ya ofisini.

"Mmiliki: Asajile Mwasomola. Yuko wapi: yuko safarini. Aliyetoa taarifa: dada." Ananigeukia. "Kanuni ni kwamba mmiliki aliye hai hujibu mwenyewe. Hasemewi na ndugu, hasemewi na kampuni, hasemewi na mimi. Kwa hiyo tunamwita. Yuko safari ya wapi?"

Bahari ya nje inaingia na kutoka.

"Mbali," nasema.

"Mbali si mahali."

"Mwite Mkongo," Koti anaamuru. "Mkongo hufika kote."

Sakafu inapasuka polepole na Mkongo anachomoza, mweusi, mnene kama kidole gumba, mwisho wake umekatwa na unatoa mwanga mdogo mdogo. Anainua kichwa kama anayenusa.

"Nani anatafutwa?"

"Fundi mmoja. Asajile."

"Huyo namfahamu," Mkongo anasema. "Ana mkono mwepesi. Wengine wakiniunga wananivuta mpaka niwe ngoma. Yeye kila shimo ananiachia mita kumi, ananizungusha vizuri, ananilaza. Anasema hizo ni za mtu mwingine."

Ni kweli. Alikuwa akituambia mezani: fundi mbaya anakaza waya ili uonekane umenyooka. Fundi mzuri anaacha akiba imekunjwa shimoni, kwa sababu siku moja waya utakatika, na atakayekuja kuunga anahitaji mahali pa kushika. Mama alikuwa akimwambia, "Na wewe unazungusha hivyo hivyo unaposimulia. Kula."

Mkongo anaondoka. Tunangoja. Pengine ni dakika moja, pengine ni masika yote. Mnara ameshaota kutu kwenye magoti.

Anaporudi, ukumbi haupo tena. Tuko kando ya barabara, kwenye mteremko ule wa kushukia Kiwira, pale Asajile alipofanya kazi mara ya mwisho. Maduara ya chaki yametufuata, sasa yako juu ya majani mabichi. Koti amekaa juu ya kiti chake katikati ya migomba. Mbele yetu kuna shimo la mkongo, mfuniko wake wa zege umewekwa pembeni.

"Nimepita vituo vyote," Mkongo anasema. "Nimekwenda Dar es Salaam, nimeshuka baharini, nimefika ng'ambo nimegeuza. Nimeangalia kila shimo alilolifunga. Kazi yake ipo. Yeye safarini hayupo."

Kabati anaiangalia fomu, ananiangalia mimi. "Labda amechelewa njiani. Sheria inaruhusu siku nane. Tutamsubiri."

"Kampuni haina utaratibu wa kusubiri," Mnara anasema, na kwa mara ya kwanza hanitazami. "Jina lisilojibu huachiwa. Tayari yuko anayelitaka."

"Nani?"

"Muuza matairi."

"Atafanya nini na majina ya wafu wetu?"

"Hatafanya kitu. Yatafutwa. Ataweka matairi."

Nalitazama jina kwenye toroli. Nyuma ya herufi zake naona wengine wamesimama kwa mstari, kila mmoja na jambo lake moja. Baba, aliyekuwa akimpa mbwa sehemu ya kwanza ya nyama. Bibi Tusekile, mdomo uko tayari kucheka. Wanasubiri niseme mimi. Na baada ya mtu wa mwisho kuna nafasi wazi ya mtu mmoja, majani yamelala pale kama mahali palipokaliwa.

Nasimama. Kigoda kinaanguka. Navuka mstari wa chaki, na hakuna kinachotokea, ila Kabati anashusha pumzi.

"Hayuko safarini," nasema. "Nilidanganya."

"Sema kwa jina," Kabati anasema. Si kwa ukali.

"Kaka yangu Asajile Mwasomola amekufa. Mwezi wa pili, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi. Nilikuwa namkanda miguu. Nilisikia imekuwa mizito nikaendelea kuikanda, kwa sababu nilijua nikiacha nitakuwa nimekubali. Ni mimi niliyemfanya awe safarini. Yeye hakunituma."

Droo zote saba za Kabati zinafunguka kidogo, kama watu wanaoinuka kwa heshima.

"Pole, dada," anasema. "Pole sana. Lakini mbona hukusema mapema? Kwa aliyefariki kuna fomu nyingine."

"Ipo?"

"Ipo siku zote. Ni ukurasa mmoja."

Nataka kucheka na nataka kukaa chini. Kabati anaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Fomu yangu inaweza kusema nani amekufa. Haiwezi kusema jina lake libaki na nani. Hilo si langu peke yangu."

"Wala si langu," Mnara anasema. "Mimi hubeba tu. Siwezi kusema kipi kinastahili kubebwa."

"Ndiyo maana tumekutana," Koti anasema. "Basi tuamue."

Nainua mkono, nadhani ni kura.

"Teremsha mkono," Koti ananiambia. "Hapa hatupigi kura. Kura huacha mshindi na mshindwa, na kesho wote wawili wanatumia waya ule ule. Mafundi wa mwanzo wa mtandao walituachia desturi. Tunafumba midomo na kuvuma. Mwenyekiti husikiliza. Mvumo wa upande mmoja ukijaa, hapo pamekubalika. Anayetaka jina libaki, avume."

Kabati hawezi. Anaeleza kwamba droo ya pili haiwezi kuvuma bila idhini ya droo ya kwanza, na droo ya kwanza imekwenda semina. Mnara anavuma, lakini Koti anamkatiza: yeye huvuma wakati wote kwa sababu ya jenereta, hivyo haihesabiki. Muuza matairi hajafika. Nimebaki peke yangu kando ya shimo, mwanamke mwenye viatu vya msibani.

Tangu Februari sijaimba. Siku ya mazishi kwaya yote iliimba kaburini nami nilisimama katikati yao mdomo umefungwa, na watu walisema nina moyo mgumu. Haikuwa moyo. Katika kwaya yetu mimi ni sauti ya pili, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa najua mahali pa kuweka sauti yangu kwa kuisikiliza besi ya Asajile nyuma ya bega langu la kushoto. Besi ilikuwa ndani ya jeneza. Nilikuwa sijui noti inaanzia wapi.

Nafumba mdomo. Navuma.

Inatoka nyembamba, inatetemeka. Majani ya mgomba yana sauti kubwa kuliko mimi. Koti anainamisha ukosi wake upande wangu.

"Nasikia kitu," anasema. "Hakijajaa."

Navuma tena wimbo wa kaburini, ule nilioukataa, ubeti wa kwanza na wa pili. Napoteza noti, naitafuta, naipoteza.

Hapo inatoka sauti nyingine.

Inatoka shimoni, kwenye zile mita kumi zilizokunjwa. Inaanza chini kabisa, chini ya miguu yangu, haina haraka. Mwanga wa Mkongo unapanda na kushuka nayo. Sauti inakuja mpaka nyuma ya bega langu la kushoto, na inatulia hapo, mahali pake. Sigeuki. Kwenye kwaya hatugeuki. Naweka sauti yangu juu ya ile, inakaa, haitetemeki tena, na tunavuma ubeti wa tatu wote, na wa nne.

"Ni nani huyo?" Kabati ananong'ona. "Hayupo kwenye orodha ya wajumbe."

"Nyamaza," Mnara anasema, na taa yake nyekundu imetulia bila kuwaka na kuzima.

Tunamaliza. Mvua imekatika. Mkono wa kulia wa Koti, ule usio na mtu, unainuka polepole na kubaki juu.

"Pamejaa," anasema. "Jina linabaki. Litaangaliwa na dada. Na marehemu aandikwe mahali pake."

Kisha anaanza kujifungua, kifungo kimoja kimoja, na ndani yake naona tu migomba na barabara inayoteremka, na nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Koo lilikuwa limekauka. Nililala kwa muda nikitazama bati, nikisubiri ndoto inidanganye kwamba kuna kitu kimebadilika. Nilifungua simu. Tangazo la wanaotunza majina lilikuwa bado juu ya ukurasa, jekundu, siku nane. Kwa hiyo niliandika barua kwao, fupi. Nikaomba fomu ya mmiliki aliyefariki, ile ya ukurasa mmoja, kama ipo.

Halafu nilishuka mpaka mwisho wa orodha, chini ya Bibi Tusekile, nikaandika. Asajile Mwasomola. Mwaka. Nikakaa na jambo lake moja kwa muda mrefu, kwa sababu yalikuwa mengi. Mwishowe niliandika: alikuwa akimwachia nafasi atakayekuja baadaye.

Mama aliingia bila kubisha hodi, mwiko mkononi. Hakuonekana amelia wala hakuonekana amelala sana.

"Mmevuma vizuri usiku," alisema.

"Nani, Mama?"

"Wewe. Nimesikia kutoka chumbani kwangu mpaka ubeti wa mwisho, sikutaka kuwakatiza." Alitazama pembeni mwa kitanda changu, kisha mlangoni. "Na yule aliyeshika besi, ameondoka saa ngapi?"